Niliwamwagia kondoo wa mama mkwe unga wa mahindi kwa mapenzi, nusura niwamalize wote

Wakuu, amani iwe kwenu, nyie wa jukwaa hili la ufugaji na nyie mnaopita tu.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu. Ana kondoo watatu wamekonda, Idi inakaribia, je akiwapa mahindi ya kutosha watanenepa haraka? Nikasoma majibu. Wengi walimwambia ndiyo, wape hata leo.

Nikaweka simu chini, nikatoka nje, nikarudi, nikaanza kuandika.

Nitasema ilivyokuwa, hata pale panaponiaibisha. Na ni pengi.

Mnisamehe Kiswahili. Mimi ni wa Goma, huku Kongo. Najaribu kuandika kile cha shuleni, lakini watu wakianza kuongea nitawaacha waongee kama tunavyoongea kwetu.

Mimi ni dereva wa lori. Babu yangu alitoka Kasongo, kule Maniema, akaja Goma na biashara ya vitambaa, akajenga karibu na msikiti, akazaa, tukawa watu wa hapa.

Ufugaji sikuujua. Kondoo kwangu alikuwa mnyama anayeletwa kwa kamba siku mbili kabla ya Idi, anafungwa kwenye nguzo, watoto wanamzoea, halafu wanalia.

Mke wangu, Furaha, ni mtoto wa Kalengera huko Rutshuru, kwenye barabara kuu ya kwenda kaskazini. Nilimpata nikiwa napita pale na samaki wa Vitshumbi. Kwao ni Wakristo, wanaongea Kinyarwanda, watu wa ng'ombe na kondoo tangu zamani.

Na kwao kondoo haliwi.

Anafugwa pamoja na ng'ombe kwa sababu ni mpole, wanasema anatuliza zizi. Wajomba zangu walilijua hilo siku ya posa, wakiwa wameshakaa kwenye mkeka wanasubiri pilau ya nyama ya kondoo.

Mama yake Furaha anaitwa Mama Veneranda. Mjane. Mrefu, mwembamba, sauti ya chini, rozari shingoni. Katika miaka yangu tisa ya ndoa sidhani kama mimi na yeye tulikuwa tumebadilishana maneno mia moja. Mkwe unamheshimu kwa kukaa mbali kidogo. Yeye aliniita Papa Asha, jina la binti yetu mkubwa, mimi nikamwita Mama, basi.

Sasa niwaeleze mahali tunapokaa, kwa sababu hapo ndipo shida ilipoanzia.

Volkano ya 2021 wengi mliisikia. Mji ulipona, moto uliishia upande wa Munigi. Lakini sisi tulikuwa tumejenga upande huo huo wa Munigi. Tulitoka na watoto, godoro moja na makaratasi ya gari. Tuliporudi, mahali pa nyumba palikuwa na jiwe jeusi, refu kunipita, na bado linatoa mvuke.

Tulingoja lipoe. Halafu tukajenga nyumba ya mbao juu yake. Watu wa Goma wataelewa, ninyi wengine mtaona ni wazimu. Kiwanja ni kiwanja.

Tatizo la lile jiwe ni kwamba haliotishi kitu. Hata jani. Ukitaka kuchimba shimo la choo unahitaji nyundo, patasi na moyo wa subira. Kumbukeni hilo: hapakuwa na unyasi hata mmoja wa kumpa mnyama.

Mwaka uliofuata vita ikarudi Rutshuru. Siasa yake siiongelei humu, wasimamizi wasije wakafunga uzi. Ninachosema ni kwamba barabara ilikatika. Lori langu likasimama uani kwa jirani, na mzigo wangu wa mwisho, magunia machache ya unga wa mahindi, ukabaki nyumbani.

Simu ya Mama Veneranda ikawa haipatikani.

Furaha hakulia. Alifua. Alifua nguo safi, akazianika, akazifua tena.

Watu wakawa wanashuka kwa miguu kutoka kaskazini, na magodoro vichwani, na kuku mikononi. Wengi walikuwa wanasimama Kanyaruchinya, si mbali na kwetu, wanafunga mahema ya majani na maturubai juu ya mawe. Kila siku nilienda kutafuta. Nilipita katikati ya watu nikiuliza, "Batu ya Kalengera bako wapi?"

Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, nikamwona.

Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Mikononi ana kamba nne. Mwisho wa kila kamba kuna kondoo.

Dume mmoja mkubwa wa rangi ya udongo. Majike wawili, mmoja wao ana mimba. Na jike mdogo, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa.

Ng'ombe zake zilikwisha katika uasi wa zamani, kila uasi ukija ulichukua zake. Kondoo hakuna aliyewataka. Ndio waliobaki, na ndio aliotembea nao siku nne, wakila vumbi la barabarani na vinyasi vya kando.

Nikachuchumaa mbele yake, maana kusimama juu ya mkwe si adabu.

"Mama, pole. Tuende ku nyumba."

Akatazama kamba zake.

"Na hawa?"

"Na hawa bote, Mama."

"Batakusumbua, Papa Asha."

"Habatanisumbua."

Akainuka. Halafu akanipa kamba mbili. Ninyi hamuwezi kujua maana yake kwangu. Yule mama hakuwahi kunipa hata kikombe mkononi, daima aliweka mezani nikachukua mwenyewe.

Tulipofika, Furaha alimkumbatia mama yake mlangoni. Mimi nikabaki nje na kondoo.

Wakuu, nataka mniamini hapa. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua niifanyie nini.

Nikawatazama wale wanyama. Mbavu zinahesabika. Wananusa jiwe, wanalamba jiwe, wanainua macho kwangu. Nikajiambia, wageni wamefika, wana njaa, na mimi nina unga.

Nikafungua gunia. Nikachukua mabeseni ya Furaha ya kufulia. Nikajaza. Sikupima. Beseni zima kwa dume, beseni kwa kila jike.

Walikula kama mvua inayoanguka kwenye bati. Dume alimaliza lake akamsukuma yule mdogo, akala na lake. Nikaongeza.

Mama Veneranda akatoka. Akasimama mlangoni akitazama. Niligeuka nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi, natabasamu, nangoja aseme kitu.

Akatazama beseni.

"Aksanti, Papa Asha. Mungu akubariki."

Akarudi ndani.

Asubuhi, nilipotoka kutia udhu, nilisikia sauti kama mtu anasaga mawe. Ni dume alikuwa anasaga meno. Amelala ubavu, tumbo limejaa kama mfuko wa maji. Chini yake kuna uharo wa rangi ya kijivu, na harufu yake chachu, kama maziwa yaliyosahaulika juani. Majike wawili wamekaa, vichwa vimeinama, ukiwavuta hawasimami. Yule mdogo tu ndiye aliyekuwa kwa miguu yake.

Mama Veneranda alikuwa pale kabla yangu. Ameketi kwenye jiwe, kichwa cha yule jike mwenye mimba kiko mapajani mwake. Nikasikia anamwita Buhoro, kwa Kinyarwanda ni taratibu.

Sikujua nifanye nini. Jirani mmoja akasema mnyweshe mafuta ya mawese. Mwingine akasema ni jicho la mtu. Mwingine akasema mchinje haraka kabla hajafa, iwe halali. Huyo nilimtazama vibaya mpaka akaondoka.

Furaha ndiye aliyekuwa na akili. Akaenda kumwita Dokta Masika, mwanamke mmoja anayekagua nyama kwenye machinjio, anakaa njia ya pili kutoka kwetu. Alikuja na buti za mpira na mkoba mdogo.

Dume alikufa Dokta akiwa anafungua ule mkoba.

Dokta hakusema pole. Alipita kwa majike. Akapiga goti kwa Buhoro, akaweka ngumi ubavuni upande wa kushoto, akainamisha sikio. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kimya," akasema. "Hapa ilipaswa kuguruma mara moja kila dakika, ao mara mbili. Jana bamekula nini?"

"Unga ya muhindi," nikajibu.

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha beseni.

Alilitazama, akanitazama, akashusha macho kwenye buti zake.

Wakuu, sasa ndio elimu niliyolipia. Nawaandikia kama alivyonieleza, kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Kwetu tududu ni vidudu, kwa hiyo tunakula ni vinakula, na njo ni ndiyo.

"Papa, sikia. Kondoo hawezi kusaga majani yeye peke yake. Ndani ya tumbo ya kwanza, ile kubwa, muko tududu. Tudogo sana, twingi kupita batu ya dunia nzima. Kondoo anakata majani na anachanganya tu. Tududu njo tunakula ile majani, na kondoo anaishi na kile tunatoa. Tena na tenyewe, tukikufa, anatusaga. Ile tududu njo maisha yake."

"Sawa," nikasema.

"Lakini kuko twa majani, na kuko twa unga. Hawa banyama banatoka mulimani, bamejaa twa majani. Twa unga tuko kidogo tu. Sasa wewe umemwanga unga mingi mara moja. Twa unga tukazaana mbio mbio, tukatoa asidi. Tumbo ikakuwa kali sawa siki. Ile ukali ikaua twa majani. Kisha maji ya damu ikakimbilia ndani ya tumbo, njo unaona inacheza sawa mufuko. Sasa tumbo imesimama. Hata ukimupa majani mazuri leo, hakuna mwenye atayapika."

Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeshalijua.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni unga," akasema. Halafu, kwa sababu ni mtu mkweli, akaongeza, "Ndiyo, Papa. Lakini haukujua."

Mama Veneranda alikuwa anasikia yote. Hakuinua kichwa. Aliendelea kumpangusa Buhoro pua na ncha ya kitenge.

Siku ile tulifanya mambo mawili. La kwanza, bikabonati, ile ile wanawake wanayotia kwenye maharagi yaive haraka. Dokta aliipima, akaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, akawanywesha polepole kwa chupa, kupunguza ule ukali. La pili, alikataza unga kabisa, pumba pia. Majani makavu tu, na maji.

Majani makavu juu ya lava. Nilitembea mpaka kwenye mashamba ambayo moto haukuyafika, nikamwomba mama mmoja anikatie mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, na nyasi kavu alizokuwa anataka kuezekea. Nikabeba mzigo kichwani. Dereva mzima wa lori.

Dume hatukuweza kumzika. Ardhi haichimbiki. Tulimpeleka pembeni ya kiwanja, tukamfunika kwa mawe, moja moja, mpaka hakuonekana tena. Asha alisaidia na mawe madogo. Mama Veneranda alisali kidogo. Mimi pia niliomba kimoyomoyo, sijui kama kuna dua ya kondoo.

Jioni Dokta akarudi kusikiliza matumbo. Bado kimya.

"Bikabonati imepunguza asidi," akasema. "Lakini tududu tumeisha. Lazima tulete twingine. Kesho asubuhi kuko ng'ombe za Masisi ku machinjio. Mutachukua maji ya tumbo ya ng'ombe yenye ilikuwa muzima, yenye ilikula majani, mutaleta ikiwa ya moto. Ikipoa, tududu tunakufa njiani."

Nikasema nitakwenda.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu afike, Mama Veneranda akaomba kitu.

"Papa Asha, niende na wewe?"

Tulipanda pikipiki ya rafiki yangu alfajiri ile, yeye nyuma yangu amekaa upande, mkono mmoja umeshika shati langu. Mkwe. Ningewaambia wazee wa kwetu wangeziba macho.

Machinjioni Dokta alitupitisha. Kulikuwa na ng'ombe watatu wameshachinjwa na matumbo yamepasuliwa. Mimi harufu ilinipiga nikarudi nyuma. Yeye alivua ndala, akakunja kitenge, akaingia kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Akachota kwa mkono kwenye tumbo la ng'ombe wa kwanza, akanusa, akamwaga. La pili, akasugua kati ya vidole, akamwaga. La tatu akakaa nalo. Akalileta karibu na uso, akafumba macho.

"Hii imekula majani ya mulima," akasema. "Juu kabisa, penye baridi. Haijakaa mu mujini hata siku mbili."

Dokta akamtazama kwa namna nyingine kabisa.

"Ulifuga, Mama?"

"Tulikuwa na ng'ombe," akasema. Akaendelea kuchota.

Dokta akakamua kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiinua kwenye jua lililokuwa linachomoza. Akaniita. "Tazama kando ya kioo, usiharakishe macho."

Mwanzo niliona maji ya kijani tu, na mabaki ya nyasi. Halafu, wakuu, nikaona. Nukta ndogo ndogo, nyeupe, kama vumbi la unga, lakini zinakwenda. Zinapanda, zinashuka, zinageuka. Dokta akasema hao ni wale wakubwa tu, walio wengi hawaonekani kabisa kwa macho.

Nikampa Mama Veneranda chupa. Akaiweka karibu, akaiweka mbali.

"Macho yangu haiwezi," akasema. "Lakini nilijuaka biko hai."

Tulijaza kidumu cha lita tano. Mimi nilitaka kukifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Akaukataa mpira kwa kichwa tu. Akakizungushia kitenge chake cha juu, akakibana tumboni, akakumbatia kwa mikono miwili. Njia nzima, kwenye yale mashimo na mawe, hakunishika tena shati. Nikaendesha kama nimebeba mayai.

Nyumbani tulikuta yule jike wa pili ameshakufa. Furaha alikuwa amemfunika.

Alibaki Buhoro, mdomo wazi, macho yameingia ndani. Na yule mdogo, aliyepona kwa sababu dume alimsukuma mbali na beseni. Alikula kidogo, kidogo kikamwokoa.

Furaha akatoa kilemba chake, tukachuja. Dokta, aliyetufuata kwa pikipiki nyingine, akaandaa chupa, lakini Mama Veneranda akaichukua mkononi mwake, bila kuomba. Akaingiza shingo ya chupa pembeni ya mdomo, penye pengo la meno, kichwa cha Buhoro akakishika sawasawa, hakukiinua juu, maana maji yakiingia mapafuni umemaliza kila kitu. Akamimina funda moja. Akangoja ameze. Funda jingine. Akangoja. Karibu lita nzima ilikwenda hivyo, na kila funda alikuwa anamwambia neno kwa Kinyarwanda, sauti kama ya kubembeleza mtoto. Sikuyaelewa yote. Furaha aliyaelewa, akaingia ndani.

Halafu ikawa ni kungoja.

Dokta akarudi kazini. Nikakaa juu ya jiwe, mbali kidogo na mkwe wangu, kama inavyopasa. Jua likapanda. Nikashindwa kukaa kimya.

"Mama, unisamehe. Nimekuulia banyama. Umetembea nabo siku nne, na mimi nimebaua mu siku moja."

Alikuwa anakwangua matope kwenye manyoya ya Buhoro kwa kucha.

"Papa Asha, nilijua."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Ulijua nini, Mama?"

"Ile siku ya unga. Nilisimama ku mulango, nikaona beseni. Tangu nilikuwa mutoto najua, kondoo mwenye njaa hapewe nafaka mingi. Hata ile maji ya tumbo, baba yangu alikuwa anafanyaka. Alikuwa anatoa ile ng'ombe inacheua mu kinywa ya ng'ombe muzima, anatia mu kinywa ya mugonjwa."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

Aliinua macho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Ungefanya je mahali yangu? Nimefika na miguu, sina nyumba, sina mufuko. Mukwe wangu amenipokea, ananifungulia gunia yake, anacheka sawa mutoto. Mimi nimuambie, hapana, unafanya vibaya? Mukimbizi hakatae kitu wanamupa na mikono mbili. Nilienda ndani nikaomba Mungu anikosese, unga isibaue."

Wakuu, nimeendesha lori kwenye barabara ambazo watu walikuwa wanapigwa risasi. Sijawahi kuogopa kama pale.

Maana nilianza kukumbuka. Tangu afike, Furaha alikuwa anamtilia bugali sahani imejaa, mimi namsukumia nyama, "Kula Mama, umekonda." Naye anakula, anasema aksanti, halafu anatoka nje polepole, na mimi nadhani amekwenda kuwaona kondoo wake. Alikuwa anakwenda kutapika. Siku nne alikuwa ameishi kwa viazi vibichi na maji. Furaha ndiye aliyeniambia baadaye.

Pale juu ya jiwe hayo yote sikuyajua bado. Nilisema tu, "Mama, kuanzia leo, mu hii nyumba, ukiona ninakosea, unisemeshe. Hata mbele ya batu."

"Na wewe," akasema, "uulizake kwanza, mbele ya kutoa."

Yule mdogo alikuwa anatafuna majani makavu taratibu, hana habari na sisi.

Tulimpa Buhoro dozi nyingine kesho yake, Dokta alituletea kidumu mwenyewe. Siku ile nzima hakuna kitu. Alikunywa maji. Alilaza kidevu kwenye jiwe.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nagongea ubao kwenye ukuta. Mama Veneranda akaniita, si kwa jina, kwa mkono tu. Nikaweka nyundo chini.

Alichukua kiganja changu. Akakiweka ubavuni kwa Buhoro, upande wa kushoto, akakikandamiza na chake.

Mwanzo hakuna. Halafu kitu kikapita chini ya mkono wangu, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini chini ya blanketi. Kikatulia. Tukangoja. Kikapita tena.

Baada ya muda kidogo Buhoro akanyoosha shingo, kitu kikapanda kooni kutoka chini kwenda juu, mtaona kondoo wenu wanavyofanya, nanyi hamjawahi kukiona kuwa ni kitu. Akaanza kutafuna. Anacheua. Taya kulia, taya kushoto, macho nusu yamefumba.

Tulikaa pale tukimtazama anatafuna mpaka Furaha akatuuliza kama tumepata ugonjwa.

Sitawachosha na yaliyofuata. Nilikuwa nakwenda kukata majani kila siku. Baada ya wiki Dokta akaturuhusu tuanze pumba, ngumi moja tu kwa siku, kisha baada ya siku kadhaa ngumi moja na nusu, daima baada ya kula majani, kamwe si na tumbo tupu. Ilichukua karibu wiki tatu kufika kiasi cha maana. Tumbo linahitaji muda huo ili wale wa kula unga waongezeke kwa adabu, bila kuwaua wenzao.

Na mama mkwe naye tulimwanzia hivyo hivyo. Uji mwepesi. Viazi vitamu kidogo. Furaha alimuuliza, "Mama, unaweza nini leo?" na yeye akajifunza kujibu.

Buhoro alizaa. Kimoja, dhaifu, tulikinyonyesha kwa kukishikilia siku mbili. Kikasimama.

Dokta alisema kitoto hakizaliwi na wale vidudu tumboni, kinawapata kwa kulambwa na mama yake na kwa kunusanusa anachokula. Kwa hiyo msiwatenge mapema, wakuu.

Yule mwenzetu mwenye kondoo watatu, kama unasoma: usimwage mahindi. Anza na majani. Ongeza nafaka kidogo kidogo, siku nyingi. Kama Idi iko karibu mno, basi mchinje amekonda, Mungu anapokea. Na kama umeshamwaga, toa beseni sasa hivi, tafuta daktari wa mifugo, usingoje kesho.

Lakini somo langu mimi ni jingine. Nilikuwa na ukarimu mwingi na swali hata moja sikuwa nalo. Aliyekuwa na jibu alisimama mlangoni, hatua tano kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nimemfanya mgeni kiasi kwamba hakuweza kusema.

Mama Veneranda bado yuko kwetu. Kalengera hajaweza kurudi, tunangoja.

Mwezi uliopita wajomba zangu walikuja kututembelea. Walikuwa wameketi uani, kahawa mkononi, mimi nawaonyesha zizi langu jipya la mbao, najieleza kama mtaalamu. Yeye akatoka jikoni, akatazama, akasema mbele yao wote, kwa ile sauti yake ya chini:

"Papa Asha, hapana. Ile mulango umeiweka upande ya upepo. Batoto ya kondoo batakufa na baridi. Bomoa."

Wajomba wakashusha vikombe. Mjomba mkubwa akanitazama aone nitafanya nini na mkwe anayeniamrisha mbele za watu.

Nikaenda kuchukua nyundo. Mpaka leo Furaha anasema nilikuwa nacheka peke yangu wakati nang'oa misumari.

Haya, wakuu. Nani mwingine amewahi kufanya kama mimi, akaokoa au akapoteza? Na wale wa vijijini, wazee wenu walikuwa wanafanyaje mnyama akiacha kucheua? Andikeni hapa chini, nami nitamsomea Mama majibu yenu, kwa sababu yeye ndiye atakayesema yupi amekosea.